Kuliamkia Lori la Ijumbi

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za stoo ya gereji, nikanawa mikono kwa sabuni na mchanga kama kawaida, halafu nikakumbuka kwamba kesho yake mikono hiyo haitachafuka. Vijana niliowaacha pale waliniomba niwaandikie machache juu ya miaka yangu ya kazi. Sijui kama waliomba kwa kupenda kusoma au kwa kunionea huruma, lakini nimekubali. Kutengeneza gari mnakujua, na wengine mnanishinda macho na nguvu. Nitaandika zaidi juu ya kulitunza, ili na wenye magari ambao si mafundi wasome. Gari huanza kufa mikononi mwa mwenyewe. Kwetu huletwa wakati jamaa wamekwisha kusanyika.

Mimi ni mtu wa Bilele, hapa Bukoba mjini. Baba yangu alikuja Bukoba kutoka pwani pamoja na wafanyabiashara, mama yangu ni Mhaya wa hapa hapa, na nyumbani tulisema lugha zote mbili kutegemea nani amekasirika. Nilipoingia gereji, Mwingereza alikuwa bado mgeni katika nchi hii, na magari ya mji mzima tuliyajua kwa majina ya wenyewe. Yote yaliwashwa kwa hendeli, yaani chuma kilichopinda unachokiingiza mbele ya injini na kukizungusha kwa mkono. Hendeli ilikuwa na tabia ya kurudi nyuma ghafla na kumvunja mtu mkono. Ukimwona mtu amefungwa mkono, ulijua amenunua gari.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Sefu, mzaliwa wa Pangani, mtu mfupi mwenye kofia iliyokuwa nyeupe zamani. Siku ya kwanza nilitegemea anipe spana. Alinipa kitambaa. Nikaosha magari wiki nzima, na kila gari lililowashwa aliniita nisimame karibu nalo.

"Unasikia nini, Idi?"

"Nasikia injini, fundi."

"Hata mbuzi anasikia injini. Nauliza inasema nini."

Akachukua bisibisi yake ndefu, akaweka ncha yake juu ya chuma cha injini na mpini wake kwenye sikio langu. Nikaruka. Ndani ya kile chuma mlikuwa na watu wanagonga, wanasaga, wanapumua. Alinionyesha mahali pa kugusa ili nisikie valvu, na mahali pa kusikia beringi. Bisibisi hiyo sasa inaning'inia kwenye msumari wa stoo. Tafadhali msiifungulie skrubu. Haijawahi kufungua skrubu hata moja tangu niijue.

Fundi Sefu alikaa Bukoba miaka mingi bila kuzoea jambo moja: maamkizi ya Wahaya. Kwao pwani nako watu huamkiana, lakini alisema hapa imezidi. Mteja alikuwa akifika na gari linalotoa moshi, kwanza anauliza tumelalaje, watoto wamelalaje, nyumbani kwenu kukoje, mvua imenyeshaje kule, na fundi anajibu yote na kuuliza yote, huku moshi unaendelea. Mwanzo ilimuudhi. Baadaye aliigeuza kuwa somo, na ndilo somo kubwa nililopata maishani mwangu.

"Watu wa hapa," alituambia, "hawakuombi hata kiberiti kabla hawajakuuliza umelalaje. Basi na gari liamkieni hivyo hivyo. Usilitume kazi kabla hujaliuliza limelalaje."

Tangu siku hiyo, katika gereji yetu hatukusema kukagua gari. Tulisema kuliamkia. Na kuliamkia kulikuwa na adabu zake, nazo hazijabadilika hata kwa magari ya sasa yanayowashwa kwa kubonyeza kitufe.

Kwanza tazama chini ya gari kabla hujaligusa. Pale lilipolala, pana tone? Tone la maji halina rangi, la oili ni jeusi na linateleza kati ya vidole, la petroli utalinusa. Gari lililolowesha mahali lilipolala linaumwa, na limekueleza mapema wakati dawa ni rahisi. Kisha fungua boneti injini ikiwa baridi. Chomoa kijiti cha oili, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena. Wengi husoma mara ya kwanza, na mara ya kwanza kijiti husema uongo kwa sababu oili iliyorukaruka jana imekipaka mpaka juu. Oili ikiwa chini ya alama, ongeza kidogo kidogo. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe kabisa, maana maji yameingia mahali pasipo pake. Halafu maji ya rejeta, yaonekane karibu na mdomo. Halafu mkanda wa feni: ubonyeze kwa dole gumba katikati, ushuke kiasi cha unene wa dole lenyewe. Ukishuka zaidi umelegea na injini itachemka. Usiposhuka kabisa umekazwa mno na utakula beringi. Mwisho zunguka tairi zote, pamoja na ile ya akiba ambayo watu huikumbuka siku wanapoihitaji. Kanyaga breki kabla ya kuondoka, si baada ya kufika kilimani.

Kazi yote hiyo haichukui muda zaidi ya kuamkiana na jirani mwenye ng'ombe wengi.

Nilikuwa nimekwisha aminiwa kusafiri peke yangu nilipoitwa Ijumbi. Ilikuwa mwisho wa msimu wa kahawa. Mtu mmoja alikuja kwa baiskeli mpaka gereji, ametapakaa matope mpaka kwenye nyusi, akasema lori la marehemu mwalimu limechemka na halisogei. Nililifahamu lori hilo. Mwalimu mmoja wa shule ya kanisa la Kilutheri, mtu wa Ijumbi karibu na Muleba, alikuwa ameacha kufundisha akanunua lori la kuchukua kahawa ya majirani kuipeleka bandarini Bukoba. Alifariki kwa homa mwaka ule ule. Lori likabaki kwa mkewe, Ma Priska, na dereva wake, Ta Zakaria; Ma na Ta ndivyo Wahaya wanavyowaita kwa heshima mwanamke na mwanamume mzima.

Fundi Sefu alinipa sanduku la spana, gasketi mpya na ushauri mmoja. "Ukifika, usiguse kitu. Nusa kwanza."

Nilifika juu ya lori la mtu mwingine, nimekaa kwenye magunia matupu. Lori la Ijumbi lilikuwa limesimama pembeni mwa kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, majani yamelifunika nusu. Kabla sijashuka nilisikia harufu. Haikuwa ya oili wala ya mpira. Ilikuwa harufu tamu ya kitu kilichoungua, kama jikoni penye arusi. Na nyuki walikuwa wamejaa mbele ya lori, wanaingia na kutoka kwenye rejeta kama mzingani.

Ta Zakaria alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Tuliamkiana mpaka yakaisha. Kisha nikamwuliza kilichotokea.

"Senene, fundi," alisema.

Kwa msomaji asiye wa huku: senene ni panzi wa kijani wanaokuja kwa makundi mvua za mwisho wa mwaka, nasi huwala kwa heshima kubwa. Alfajiri ile alikuwa amepita katikati ya kundi, na rejeta ikajaa senene mpaka upepo haukuweza kupita.

"Ulipowaona, kwa nini hukuwafagia?"

"Niwafagie wapi?"

"Barabarani."

Alinitazama kama niliyemwambia atupe mtoto. "Senene, fundi? Nilitaka kuwafikisha nyumbani."

"Naona umewafikisha. Wameiva?"

"Wa upande wa kulia waliiva vizuri," alisema kwa unyenyekevu. "Wa kushoto waliungua."

Basi injini ikachemka, maji yakatoka yote kwa mvuke. Mto ulikuwa mbali bondeni. Lakini karibu na pale wanaume walikuwa wanakamua ndizi, na walikuwa na omuramba, ile juisi tamu ya ndizi kabla haijawa pombe. Walikuwa wakarimu. Walimpa kibuyu, kisha cha pili.

"Ukamimina kwenye rejeta."

"Omuramba ni maji, fundi. Tofauti yake ni utamu tu. Likanywa lote, likaenda vizuri mpaka kanisani."

"Na baada ya kanisa?"

"Baada ya kanisa lilikataa."

Nilicheka mpaka nikashika mlango wa lori. Ndipo nikaona mwanamke amesimama kwenye njia ya kibanja, naye hacheki. Alivaa nguo nyeusi ya msiba. Alikuja akanisalimu, akaniita waitu, neno la heshima la kwao, akasema, "Fundi, waitu, niambie kweli. Litapona?"

Nikamjibu kuwa sijui bado. Sikujua pia kwa nini swali lilikuwa zito kiasi kile, mpaka shemeji yake alipofika. Huyo alikuwa Ta Ishengoma, kaka wa marehemu. Alizunguka lori mara moja, akapiga tairi teke, kisha akanivuta kando.

"Fundi, sema tu kwamba limekufa. Usisumbuke. Ukoo umekwisha kaa. Tumesema hivi: lori likiweza kumaliza kahawa ya msimu huu, basi mjane abaki nalo na abaki hapa kwenye kibanja, tutamwacha. Likishindwa, tunaliuza, naye anarudi kwa baba yake. Mwanamke na lori, wapi na wapi?"

"Nikisema limekufa nalo halijafa?"

"Utakuwa umemsaidia. Ataenda kupumzika kwao."

Nilimwambia kuwa mwalimu wangu hunitaka kusema lori lisemavyo, na bado halijasema. Akaondoka. Nilikaa Muleba kwa Mwislamu mmoja mwenye duka, na kila asubuhi nikapanda mpaka Ijumbi kwa miguu.

Sasa kuhusu sukari katika rejeta, ikiwatokea, msikate tamaa. Usipige na usichokoe kwa waya, maana mirija yake ni myembamba. Chemsha maji mengi, tia magadi kidogo, yamimine, yaache yakae, kisha fungua chini yatoke. Yatatoka meusi mazito kama asali ya zamani. Rudia. Ma Priska na majirani wa kike walichemsha maji kwenye vyungu vya kupikia ndizi, wakinipokeza mmoja baada ya mwingine, na tulirudia mpaka yakatoka meupe na nyuki wakatuacha. Kisha nilifungua silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini. Gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba chini yake, ilikuwa imeungua, lakini chuma chenyewe hakikupasuka. Kilichookoa lori lile ni kwamba Zakaria hakumimina omuramba mara moja. Alingoja kwanza akala senene wa upande wa kulia, na injini ikapoa. Nasema hili kwa dhati. Injini iliyochemka usiitie kitu cha baridi mpaka iweze kuguswa kwa mkono. Na mfuniko wa rejeta usiufungue ungali moto. Ukilazimika, ufunike kwa gunia nene na ugeuze uso.

Nilipozungusha hendeli na injini ikashika, Ma Priska aliweka viganja viwili kwenye boneti. Alisimama vile, akitetemeka pamoja na lori.

Msimu ulikuwa unaisha, lakini nusu ya kahawa ilikuwa bado majumbani mwa watu. Kwa hiyo nilijua kuwa kulitengeneza si mwisho. Likiharibika tena kabla magunia hayajaisha, Ta Ishengoma ameshinda. Nikataka kumfundisha Zakaria adabu za asubuhi. Ma Priska akasema, "Nifundishe mimi. Yeye ana huruma na senene."

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Alikuwa mwepesi kwa sababu hakuona haya kuuliza. Kijiti cha oili alikipangusa kwa kipande cha kanga kuukuu, na siku ya kwanza tu aliniuliza kwa nini alama ziko mbili na si moja. Watu wengi wanaendesha magari miaka kumi bila kuuliza hivyo. Ya juu ni shibe na ya chini ni njaa, nilimwambia, na kuvimbiwa nako ni ugonjwa. Nilimwonyesha nipo za grisi chini ya lori, zile chuchu ndogo za chuma, na kwamba lazima uzipanguse kabla ya kuweka bomba, la sivyo unasukuma matope ndani kwa nguvu zako mwenyewe. Akaingia chini ya lori na nguo yake nyeusi. Alipotoka, uso ulikuwa na mstari wa grisi kutoka sikioni hadi kidevuni, nami sikumwambia mpaka jioni.

"Kumbe umeniona hivi tangu asubuhi?"

"Nilidhani ni pambo."

"Fundi, una maneno ya mjini." Lakini alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza.

Lori lilimaliza kahawa ya msimu ule. Lilishuka bandarini na kurudi bila kusimama njiani, na ukoo ukatimiza neno lake. Tajiri mwenye gereji akakubali niwe naenda Ijumbi kila mwezi kuliangalia.

Nimefanya kazi katika mvua na matope, nimelala chini ya magari, nimeumwa na mgongo ambao sasa unaniuma upya kila asubuhi. Ukiniuliza ni nini ningependa kurudishiwa, sitataja chochote ila njia ile ya kupanda Ijumbi. Ukungu ulikuwa bado kwenye migomba. Nilisikia mifagio uani, kisha sauti yake ikinifikia kabla sijafika.

"Tumeliamkia, fundi."

"Limeitikaje?"

"Limeitika vizuri. Linasema mguu wa nyuma kushoto una njaa ya upepo."

Alikuwa amebuni mambo yake pia. Hendeli aliiweka nyuma ya mlango wa nyumba, na Zakaria hakuipata mpaka maamkizi yaishe. Kwa ajili ya betri, nilikuwa nimemwambia kwamba maji ya mto huua betri, yatumike ya mvua yasiyopita kwenye bati. Akanunua beseni jeupe, akaliweka katikati ya ua kila wingu lilipokuja. Jirani zake walisema mjane wa mwalimu analinywesha lori maji ya mbinguni. Na kwenye rejeta alishona wavu wa kamba za migomba, msimu wa senene unafungwa mbele, jioni unafunguliwa, senene wanamwagwa kwenye ungo. Zakaria alisema wavu huo ndio kitu kikubwa kuliko vyote ambavyo Mungu alimpa mwanamke kubuni.

Kisha tulikaa kwenye benchi la uani. Alileta akamwani, punje za kahawa zilizopikwa na majani yenye harufu, kwenye kikapu kidogo, tukazitafuna kama wafanyavyo wenyeji na wageni wao. Tulizungumza juu ya lori. Sikujua mambo mengi yanaweza kusemwa juu ya lori moja.

Zaidi ya hapo hatukusema, na wa huku wataelewa bila maelezo. Mimi ni Mwislamu wa Bilele, yeye Mlutheri na mjane wa mwalimu wa kanisa. Na mjane anayeolewa nje huacha kibanja cha ukoo na vyote vilivyomo. Lori lile ndilo lililomweka pale. Kila nati niliyoikaza ilimkaza pale pale, na mimi ndiye niliyeshika spana.

Kuna siku nilifika nikazunguka lori lote bila kupata kazi. Oili safi, maji sawa, mkanda sawa, tairi zimejaa, nipo zote zimepakwa na kupanguswa. Nilichukua spana nikakaza nati moja ya springi ya mbele.

Ma Priska alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hiyo ilikuwa imekaza, fundi."

"Najua."

"Basi ikaze tena," akasema.

Mwezi uliofuata tajiri alisoma nilichoripoti, akacheka, akasema hatumi fundi kwenda kusalimia gari zima. Alikuwa na haki. Fundi akifundisha vizuri, haitwi tena. Hilo hakuniambia Fundi Sefu, labda alidhani nitaligundua mwenyewe.

Vikaja vita vya Hitler. Vipuri havikufika, tairi mpya hazikuonekana, na kila kijiji kutoka Bukoba mpaka Muleba kilikuwa na lori lililosimamishwa juu ya mawe, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Watu walijaza tairi majani makavu. Ndipo kuliamkia gari kukaonekana maana yake, kwa kuwa kilichokufa hakikuwa na badala. Tuliofundisha wenye magari kupangusa kijiti mara mbili tuliwaona bado barabarani. Fundi Sefu alikuwa amezeeka. Alipanda meli kurudi kwao Pangani vita vilipokwisha, akaniachia bisibisi, na hatukuonana tena.

Nami nilioa mtaa wa Nshambya, mke mwema, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliijua kazi yangu na alinivumilia harufu yake. Hakuna alichokosewa, wala simtaji hapa kwa kupita tu.

Lakini gereji yetu ilikuwa kwenye njia ya bandarini, na kila msimu wa kahawa lori la Ijumbi lilipita. Sikuhitaji kutazama. Lilikuwa na mlio wa chini, wa taratibu, na kila linapobadili gia lilivuta pumzi kidogo kama mtu anayetaka kusema jambo. Nikiwa chini ya gari la mtu, nilinyamazisha nyundo yangu mpaka lipite. Vijana, mliniuliza mara nyingi kwa nini nilikuwa nasimama vile. Nilikuwa nasikiliza kama limeanza kugonga. Mwaka hadi mwaka halikugonga. Halikusimama kwetu hata mara moja. Nilijivunia hilo, na kila jioni ya siku lilipopita nilichelewa kufunga lango, endapo lingerudi na tatizo lolote, hata dogo.

Jumatano ya wiki hii nilikuwa nyumbani, sina la kufanya, nanoa kisu kilichokuwa kikali. Nikasikia mlio ule. Ukaja, ukapungua, ukasimama mlangoni kwangu. Injini haikuzimwa.

Nilitoka. Ta Zakaria alikuwa kwenye usukani, mkubwa vile vile, nywele nyeupe. Tuliamkiana mpaka yakaisha, na safari hii yalikuwa mengi.

"Lina nini?" nikamwuliza.

"Halina kitu."

Sikumwamini. Nilimwambia azime, nikafungua boneti. Nikachomoa kijiti, nikapangusa, nikarudisha, nikachomoa. Oili ilikuwa kwenye alama ya juu, rangi ya asali. Mkanda ulishuka unene wa dole. Wavu wa kamba za migomba ulikuwa umekunjwa vizuri chini ya kiti. Zakaria akashuka akazungusha hendeli, injini ikashika mara moja. Nikatafuta bisibisi yangu, nikakumbuka iko kwenye msumari wa watu wengine. Nikaweka kiganja.

"Kweli, Zakaria. Hili gari ni zima."

"Najua, fundi. Nilipitia gereji, nikaambiwa umestaafu. Ma Priska alisema nikuletee uliamkie."

"Hajambo?"

"Hajambo. Nywele zake kama zangu. Kila asubuhi bado ananifungia hendeli." Akaipangusa hendeli kwa kiganja. "Anauliza mbona huji."

"Halijaharibika," nikasema. "Nije kufanya nini?"

"Ndivyo nilivyomwambia mimi. Nikamwambia, fundi huja gari likiharibika. Akasema basi amekosea, miaka yote hii, kulitunza."

Mkono wangu ulikuwa bado kwenye boneti. Chuma kilikuwa cha moto kidogo, cha kawaida, cha injini iliyotoka safari na kufika salama.

Zakaria alisema anashusha kahawa bandarini na ana shughuli za mjini, anarudi Ijumbi Jumamosi asubuhi, lori tupu, na kiti cha mbele kipo. Hakungoja jibu. Dereva mzuri anajua wakati wa kuachia klachi.

Leo ni Ijumaa. Haya nimeyaandika kwa siku hizi mbili, kwa kuwa mliyaomba na kwa kuwa mikono yangu ilihitaji kazi. Mwenye gari, liamkie kila siku, hasa siku ambayo halina tatizo. Hiyo ndiyo siku yake. Usingoje ligonge ndipo ulikaribie.

Kesho Zakaria atapita. Atasimama hapa nje na kuiacha injini inaunguruma, nami nitakaa kidogo nyuma ya mlango nikiisikiliza, kwa mazoea tu, kabla ya kutoka.